Jaji mpya wa Marekani, sheria yetu ya mimba, na binti aliyeletwa zahanati usiku

"Shikamoo mama wakili. Mimi ni muuguzi mkunga kwenye zahanati moja huku Wilaya ya Bahi. Kwenye grupu letu la WhatsApp ilirushwa video ya mama mmoja wa Marekani aliyeteuliwa kuwa jaji, anahojiwa na maseneta kuhusu kutoa mimba. Kila akiulizwa hajibu moja kwa moja, na kuna mahali anainua kidaftari hakina hata neno moja. Aliyeituma ameandika kwamba huyo ndiye aliyefuta haki ya kutoa mimba kule, na kwamba hata huku majaji wapya wakiapishwa Ikulu Chamwino mambo yatageuka, manesi tutakamatwa. Wenzangu wamebishana siku mbili. Naomba kujua: wanajuaje jaji ataamua nini kabla hajakalia kiti? Na kwetu, jaji mpya anaweza kuibadilisha sheria hii? Nauliza kwa sababu Jumanne usiku aliletwa binti wa miaka 16 kwa bodaboda, damu zinamtoka, mama yake analia. Nilimhudumia, nikampa rufaa, na nasikia anaendelea vizuri. Lakini nimekaa na kitabu cha wagonjwa mbele yangu tangu siku ile, sijui niandike nini. Naogopa."

Marahaba, mwanangu. Lililokukosesha usingizi umeliweka mwisho, mimi nalitanguliza. Kumhudumia msichana anayevuja damu baada ya mimba kuharibika, iwe imeharibika yenyewe au kwa mkono wa mtu, si kosa katika sheria za Tanzania. Halikuwa kosa jana, na hakuna hukumu ya Marekani inayoweza kulifanya kosa kesho. Ni huduma inayotambuliwa na Wizara ya Afya, na wakunga wanafundishwa kuitoa. Ulichofanya Jumanne usiku ndicho ulichoapa kukifanya. Habari ya kitabu nitaifikia, maana ina utaratibu wake na sitaki uikosee kwa hofu.

Sasa video. Kwa hicho kidaftari tu nimeijua: ni Amy Coney Barrett, tarehe 13 Oktoba 2020, mbele ya Kamati ya Sheria ya Seneti. Seneta John Cornyn wa Texas alimuuliza ana maandishi gani mbele yake, naye akainua karatasi tupu. Kwa hiyo video ni ya zamani, na aliyeirusha kama habari ya jana amewapa hofu isiyo na tarehe. Barrett aliteuliwa Septemba 26 mwaka ule, siku nane tu baada ya kifo cha Jaji Ruth Bader Ginsburg, na Seneti ikamthibitisha Oktoba 26 kwa kura 52 dhidi ya 48. Alikuwa na umri wa miaka 48. Kule jaji wa Mahakama ya Juu hana umri wa kustaafu; anaweza kukaa mpaka anakufa. Shika jambo hilo moja na utaelewa kwa nini kikao kile kilikuwa na joto lile.

Je, ni yeye aliyefuta haki ya kutoa mimba? Peke yake, hapana. Jaji haamki asubuhi akaandika sheria. Anasubiri kesi ifike mezani. Kesi iliyofika ilitoka jimbo la Mississippi, lililokuwa limetunga sheria mwaka 2018 ya kuzuia mimba kutolewa baada ya wiki 15. Hukumu ilisomwa Juni 24, 2022. Majaji wapo tisa. Watano walikubaliana kuitupa hukumu ya zamani ya Roe dhidi ya Wade, ile ya mwaka 1973 iliyoitambua haki ya kutoa mimba, na Barrett alikuwa mmoja wa hao watano. Jaji Mkuu wao, John Roberts, aliiacha sheria ya Mississippi isimame lakini hakutaka kufika mbali hivyo. Watatu walipinga. Toa kura moja kati ya zile tano na Roe inabaki hai, ikiwa imejeruhiwa. Hapo aliyetuma video ana chembe ya ukweli: kiti kimoja kilikuwa na uzito mkubwa.

Pia hukumu ile haikupiga marufuku kutoa mimba Marekani. Ilisema Katiba yao haitoi haki hiyo, kwa hiyo kila jimbo liamue lenyewe. Majimbo 13 yalikuwa yameshatunga sheria zinazosubiri siku hiyo tu ili zianze kubana. Mengine yaliendelea kuruhusu. Kansas, jimbo la watu wa kanisani hasa, wananchi walilipigia kura suala hilo Agosti 2022 wakakataa kuiondoa haki hiyo kwenye katiba ya jimbo lao. Mtu akikuambia "Marekani wamekataza," muulize jimbo gani.

Kwa nini basi jambo zito namna hii likawa mikononi mwa majaji? Kwa sababu Katiba ya Marekani haina neno hata moja kuhusu mimba. Januari 1973, katika hiyo Roe, majaji saba kati ya tisa walisema kwamba neno "uhuru" lililomo katika marekebisho ya 14 ya Katiba hiyo linabeba ndani yake haki ya mwanamke kuamua kuhusu mimba yake. Haki hiyo ikasimama juu ya tafsiri, karibu miaka 50. Na kilichosimikwa kwa tafsiri ya majaji kinaweza kung'olewa kwa tafsiri ya majaji wengine. Wanasiasa wa kule waliliona hilo mapema, ndiyo maana tangu wakati huo kila anayeteuliwa hugeuzwa kama shati, ndani nje, kutafutwa mahali aliposema chochote kuhusu mimba.

Swali lako la kwanza ni hilo: wanajuaje? Wanasoma rekodi yake. Wewe ni mkunga, nitakueleza kwa kadi ya kliniki. Mama akija na kadi, huangalii presha ya leo peke yake. Unaangalia mahudhurio yote, uzito ulivyopanda, damu ilivyokuwa mwezi wa nne na wa saba. Mteuliwa naye ana kadi. Hutakiwa kuwapa maseneta orodha ya maandiko yake, hotuba zake na hukumu zake, na wao husoma wakitafuta mwelekeo.

Kadi ya Barrett ilikuwa na nini? Mwaka 2006, akiwa mhadhiri wa sheria Chuo Kikuu cha Notre Dame, aliweka jina lake kwenye tangazo la gazeti la South Bend lililopinga kutoa mimba. Baada ya kuwa jaji wa mahakama ya rufaa mwaka 2017, mara mbili, 2018 na 2019, alikuwa upande wa majaji waliotaka sheria za Indiana za kubana utoaji mimba zisikilizwe upya na mahakama nzima. Wengi waliishia hapo: "Huyu anapinga, basi." Lakini kadi hiyo hiyo ina ukurasa wa 2019, kesi ya Chicago. Mji ulikuwa umewakataza watu kuwasogelea karibu wanawake wanaoingia kliniki ili kuwazuia wasitoe mimba. Wapinzani wa kutoa mimba walishtaki. Barrett alikubaliana na wenzake kuiacha sheria ya mji, kwa sababu hukumu ya Mahakama ya Juu iliyotangulia iliwafunga mikono.

Je, hapo alionesha kwamba ataheshimu na Roe? Wapo walioamini hivyo. Mimi nikisoma kadi ile, mstari ninaouwekea kidole haumo kabisa katika kesi za mimba. Umo katika makala ya kitaaluma aliyoandika mwaka 2013 kuhusu hukumu zilizotangulia. Alisema anaelekea kukubaliana na wanaoona kwamba wajibu wa jaji wa Mahakama ya Juu ni kwa Katiba, hivyo ni halali zaidi aifuate Katiba anavyoielewa kuliko kufuata hukumu ya zamani anayoona wazi inapingana nayo. Sasa unganisha. Kule Chicago alikuwa jaji wa chini. Hukumu ya juu ilikuwa imemfunga. Akipanda juu, kamba inakatika. Anayeamini hivyo, na anayeona Roe haimo katika maandishi ya Katiba, mwelekeo wake unaonekana hata kama hatatamka. Katika kikao kile cha Oktoba aliulizwa kama Roe ni hukumu isiyoguswa, akasema kwa maana anayoitumia yeye, haimo katika kundi hilo. Lilikuwa jibu la kweli. Watu walikuwa wanasikiliza neno "nitaifuta", na neno hilo mteuliwa halisemi.

Ndiyo maana nawaambia vijana wanaokuja ofisini kwangu kujifunza kazi: mkitaka kumjua jaji, msimwulize anapenda nini. Tafuteni anafanya nini pale anapokutana na hukumu asiyoipenda. Imani yake ni yake, na wapo majaji wengi wanaoamini jambo moja nyumbani na kuamua lingine mahakamani kwa sababu sheria imewafunga. Kamba zinazomfunga, na zile anazodhani hazimfungi, ndizo habari yenyewe.

Hata hivyo kadi hudanganya, na hili ni lazima nilikiri. Sandra Day O'Connor alipoteuliwa mwaka 1981, wapinzani wa kutoa mimba walimpinga kwa kura zake za zamani akiwa katika bunge la Arizona. Seneti ilimpitisha 99 kwa 0. David Souter aliteuliwa 1990 akiwa na kadi karibu tupu. Anthony Kennedy alipatikana baada ya Robert Bork, aliyekuwa ameikosoa Roe hadharani, kukataliwa kwa kura 58 dhidi ya 42 mwaka 1987. Hao watatu, wote wameteuliwa na marais wa chama cha Republican waliotaka Roe iondoke, ndio waliokaa pamoja mwaka 1992 wakaandika hukumu ya kuiokoa, wakiruhusu vikwazo zaidi lakini wakiuacha msingi wake. Na somo la Bork halikupotea: aliyesema wazi alianguka, basi waliomfuata wakajifunza kusema kidogo. Karatasi tupu uliyoiona kwenye simu yako ni tunda la mwaka 1987. Brett Kavanaugh, mteuliwa wa mwaka 2018, aliita Roe hukumu iliyothibitishwa na hukumu nyingine juu yake. Watu wakasikia ahadi. Haikuwa ahadi, na 2022 alipiga kura kuifuta.

Tuje nyumbani. Swali lako la pili, kama jaji mpya wa kwetu anaweza kuigeuza sheria ya mimba, linahitaji kwanza ujue sheria hiyo imekaa wapi. Kwetu haijakaa kwenye tafsiri ya Katiba. Imeandikwa na Bunge, katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, iliyoanza enzi za Mwingereza mwaka 1945. Kwa namba tulizozizoea sisi mawakili: kifungu cha 150 kinamhusu anayefanya kitendo kwa nia ya kumtoa mwanamke mimba isivyo halali, kifungo hadi miaka 14. Cha 151 kinamhusu mwanamke mwenyewe, hadi miaka saba. Cha 152 kinamhusu anayempatia dawa au kifaa akijua kitatumika hivyo, hadi miaka mitatu. Jaji anayeapishwa Chamwino leo anavikuta vifungu hivyo vimeandikwa. Hawezi kuviongeza ukali wala kuvifuta kwa kuwa tu amevaa joho jipya, na hukumu ya Washington kwake ni kitu cha kusoma akipenda. Haimfungi hata nukta.

Wateule wetu nao hawapiti njia ile. Kwa Katiba yetu ya 1977, Rais anateua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na majaji wa Rufani baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Bunge halipigi kura, na hakuna kikao cha hadhara cha kumhoji. Wa Mahakama Kuu anastaafu akiwa na miaka 60, wa Rufani 65. Jirani zetu Kenya tangu Katiba yao ya 2010 wanawahoji hadharani wanaoomba ujaji, na Jaji Mkuu wao lazima aidhinishwe na Bunge. Kila njia ina gharama yake. Mahojiano ya hadhara yanampa mwananchi nafasi ya kusikia, lakini yanaweza kugeuka mchezo wa kukwepa kama uliouona. Njia yetu ina utulivu, lakini mwananchi anamjua jaji wake siku anapokutana naye kizimbani. Mimi ningependa tuone zaidi. Mpaka hapo tutakapofika, kadi za majaji wetu zipo na hazina kiingilio: hukumu zinawekwa kwenye mtandao wa TanzLII, bure kabisa, na mwenye simu kama yako anaweza kuzisoma.

Lakini nisikudanganye kwamba majaji wetu hawana nguvu juu ya maisha ya uzazi ya mabinti. Wanayo, na mfano umetoka hapa hapa kwetu. Rebeca Gyumi, mwanasheria aliyezaliwa Dodoma, alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, hata 14 kwa kibali cha mahakama. Julai 2016 majaji watatu walikubaliana naye, wakaipa Serikali mwaka mmoja wa kurekebisha. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 23, 2019 Mahakama ya Rufani ikasema vile vile: vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Angalia sasa linavyomgusa binti wako wa Jumanne. Kanuni ya Adhabu inasema kulala na msichana chini ya miaka 18 ni ubakaji, hata akikubali, isipokuwa kama ni mke wa mtu na ana miaka 15 au zaidi. Umri wa ndoa ndio unaoamua kama aliyempa mimba ni mume au mbakaji. Hivyo jaji anayetafsiri umri wa ndoa anagusa mlango wa zahanati yako, ingawa neno "mimba" halimo katika kesi yake.

Kuna dhana nyingine naisikia sana, hata kwa watumishi wa afya: kwamba sheria yetu inakataza moja kwa moja, bila tundu. Si kweli. Rudi kwenye yale maneno "isivyo halali". Kama ipo njia isiyo halali, ipo iliyo halali. Kifungu cha 230 kinasema mtu hatahesabiwa kosa akimfanyia mtu upasuaji kwa nia njema na kwa ustadi unaostahili, kwa manufaa ya mgonjwa, au upasuaji juu ya mtoto aliye tumboni ili kuokoa maisha ya mama, ikiwa ilikuwa jambo la busara kwa hali ilivyokuwa. Hicho ndicho kimbilio la daktari anayekuta mama ana kifafa cha mimba na hakuna njia nyingine.

"Kuokoa maisha" maana yake nini? Mwaka 1938 London, daktari Aleck Bourne alimtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa na wanajeshi, kisha akajipeleka mwenyewe polisi. Jaji aliwaambia wazee wa baraza kwamba kumzuia mwanamke asiharibikiwe kabisa mwili au akili ni sehemu ya kuokoa maisha yake. Bourne akaachiwa huru. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikisikiliza rufaa za Tanganyika pia, ikaupokea msimamo huo katika kesi ya Mehar Singh Bansel kutoka Kenya mwaka 1959. Kwa jaji wetu wa leo hiyo ni hoja nzito, si pingu. Akiipokea, daktari ana nafasi ya kupumua. Akiikataa, nafasi inabaki ndogo sana. Hapa, mwanangu, ndipo kadi ya jaji wa Kitanzania ingekuwa na maana: utata wa kifungu cha 230. Kifungu kinataja upasuaji, kwa sababu kiliandikwa zama ambazo vidonge havikuwepo. Hakitaji ni daktari yupi aamue wala wangapi. Hakitaji kubakwa wala kuzaa na baba mzazi.

Hayo ya kubakwa na maharimu yametajwa katika Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, ibara ya 14, pamoja na hatari kwa afya ya mama ya mwili na akili. Tanzania iliridhia mwaka 2007. Wapo wanaharakati wanaowaambia wauguzi "tumesharidhia, kwa hiyo inaruhusiwa." Msiwasikilize kwa hilo, wanawaweka hatarini. Kwetu mkataba ukishasainiwa na kuridhiwa hauwi sheria ya kumtetea mtu kizimbani mpaka Bunge liuingize katika sheria za nchi, na Kanuni ya Adhabu haijaongezewa maneno hayo. Wakili anaweza kuutumia kumshawishi jaji. Muuguzi hawezi kuutumia kama ngao.

Mimi naona Bunge linapaswa kukiandika upya kifungu hicho kwa lugha ambayo mganga wa Bahi anaielewa saa nane za usiku. Nalisema nikijua kwamba majirani zangu wengi, Wakristo na Waislamu, wanaamini uhai ni uhai tangu mimba inapotungwa, na siwabezi. Nimekaa nao misibani na harusini maisha yangu yote. Lakini utafiti wa mwaka 2013 ulikadiria mimba kama 405,000 zilitolewa nchini kwa mwaka ule, chini ya sheria hii hii. Giza la kifungu halizuii. Linachofanya ni kumchelewesha mama na binti yake nyumbani wakiogopa polisi, mpaka bodaboda inapoitwa kwa kuchelewa. Njia ya mahakama ipo pia, lakini ni nyembamba: marekebisho ya Juni 2020 yalimtaka anayefungua shauri la haki za msingi aoneshe linavyomgusa yeye binafsi. Ni binti gani wa miaka 16 wa kwetu atasimama aseme "ni mimi"?

Sasa kitabu chako. Andika ulichokiona na ulichokifanya. Tarehe na saa alipofika, nani alimleta, mapigo, presha, joto, damu ilivyokuwa, umri wa mimba kama ulijulikana, dawa na dripu ulizompa, saa ulipomwandikia rufaa. Ugonjwa uuandike kwa jina lake la kitabibu: mimba kuharibika, haijakamilika. Usiandike "ametoa mimba" kama hukuona, maana mimba nyingi hutoka zenyewe, na wewe si mpelelezi. Kama alikuambia mwenyewe kuna dawa amemeza, hilo ni la matibabu, daktari wa rufaa analihitaji. Liandike kama maneno yake, "anasema". Usichane ukurasa, usiandike jambo ambalo halikuwepo. Kumbukumbu ya uongo ni kosa peke yake, na ndiyo inayowafunga watumishi ambao hawakuwa na kosa lingine lolote. Na tafadhali, habari ya binti huyu isionekane kwenye lile grupu, hata bila jina. Kijiji kinajuana.

Wenzako watakwambia sheria inakutaka utoe taarifa ya kosa. Ni kweli, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka anayejua kosa limetendeka alitolee taarifa. Lakini kujua si kuhisi. Damu peke yake haikuambii kitu. Linalokugusa waziwazi ni jingine: mtoto wa miaka 16 alikuwa na mimba. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii anayeona haki za mtoto zinavunjwa aipeleke habari serikali za mitaa. Zungumza na mganga mfawidhi wako, kisha mmwone afisa ustawi wa jamii wa wilaya, kwa ajili ya kumlinda yeye. Akisema alilazimishwa, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ndilo mahali pake, akiongozana na mama yake au afisa ustawi, asiende peke yake.

Usisubiri kuniandikia tena ikiwa mojawapo ya haya litatokea: umeitwa kituoni, umeombwa kutoa kitabu bila maandishi rasmi, au mtu amekudai hela ili "yaishe". Hapo unahitaji wakili wa kukaa naye ana kwa ana. Una haki ya kumjulisha wakili, ndugu au rafiki kabla hujahojiwa. Kama huna fedha, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imeweka wasaidizi wa kisheria mpaka wilayani. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri itakuelekeza. Chama chenu cha wauguzi nacho kijulishwe mapema.

Na kwa kuwa hukuandika usiku ule, usijifanye uliandika. Fungua mstari mpya chini ya ule wa mwisho, weka tarehe ya leo na saa ya sasa hivi, andika "huduma iliyotolewa Jumanne usiku, kumbukumbu imeandikwa leo," endelea na maelezo yako, kisha weka jina lako kamili na sahihi.